Nusu Saa Ndani ya Mipaka ya Mji

Kilosa,
4 Februari 1996

Mdogo wangu Paulina,

Tumsifu Yesu Kristo. Na marahaba, maana najua umeshaniamkia huko uliko, hata kama tangu Krismasi hujaandika. Mimi ni mzima. Asiye mzima ni mama, na ndiyo sababu barua hii unaipokea pamoja na yeye mwenyewe.

Usishtuke ukimwona amekonda. Unakumbuka reli ya Kidatu inavyopita nyuma ya choo chetu. Zamani treni ilifika, ikashusha, ikaondoka zake. Siku hizi inafika kutoka kwenu saa nne asubuhi, inasimama hapo nyuma kuingoja treni ya Dar mpaka saa tisa, na muda wote huo injini inaunguruma. Haizimwi hata dakika moja. Moshi unaingia kwa mama kama vile umekaribishwa. Naanika mashuka meupe, naanua ya kijivu. Daktari amesema kifua hiki si cha sindano, ni cha kuondolewa kwenye moshi. Nikamuuliza, sasa nyumba nayo niihamishe? Akacheka. Mimi sikucheka.

Basi nakuletea wewe. Kwenu treni inasimama dakika kumi tu, na kile chumba cha nyuma ya jiko lako kinamtosha. Lakini usidhani nimekaa mikono mapajani. Mtaa umeunda kamati, mimi ndiye katibu, na tunaandika sheria ndogo ya kuzuia injini kusimama zikiunguruma mjini. Ikipita tu, mama anarudi kwake.

Uji wake usiutie sukari nyingi. Atakwambia nilimruhusu, ni uongo. Barua nampa Danieli, dereva wa treni yenyewe, yule mrefu asiyesema sana. Ona mambo: namshitaki kwenye kamati, na yeye ndiye posta yangu. Namalizia kuandika hapa stesheni: kanisaidia kumpandisha mama, kasema tutafika salama, na sasa ananyoosha mikono miwili kuipokea.

Dada yako,
Sesilia


Mikumi,
20 Februari 1996

Dada Sesilia,

Shikamoo. Mama alifika salama, na mizigo yake yote, hata lile jiwe la kusagia ambalo sijui mlikubaliana nini mpaka likapanda treni. Siku tatu za kwanza alikohoa, ya nne akaanza kunisimanga kwamba wali wangu una mawe. Nikajua amepona.

Analala usiku kucha, dada. Asubuhi anatoka nje, anakaa kwenye kigoda, anachambua mchicha na kusema watu. Chumba cha nyuma anakipenda, anasema kina upepo. Kuhusu sukari, umechelewa.

Mimi mwenyewe nasukuma siku. Tangu biashara iwe huria, kila mwenye nacho ana basi lake, na kila basi lina hoteli yake ya kulia. Yanapita hapa barabarani mbio, abiria nawaona madirishani. Nimehamishia meza zangu upande wa stesheni, lakini treni ya dakika kumi hainunui wali, inanunua karanga. Tupo kumi na mmoja tunagombea hizo karanga. Wamenichagua katibu wa akina mama ntilie, kwa hiyo nyumba yetu sasa ina makatibu wawili. Baba angefurahi.

Mama anakusalimu. Anauliza kama kamati yenu inakunywa chai au inafanya kazi.

Mdogo wako,
Paulina


Kilosa,
17 Machi 1996

Paulina mdogo wangu,

Imepita!

Mwambie mama kamati imefanya kazi. Alhamisi tulijaa ukumbi mpaka watu wakasimama madirishani. Mimi nilisoma muswada kwa sauti ile ninayowasomea darasa la saba majina ya waliofeli. Mwakilishi wa reli alisimama kutaka kueleza jambo kuhusu injini zao, ukumbi ukamzomea, akakaa. Nami nilizomea, sikufichi. Miaka miwili tumevuta moshi wao, leo ndio wanakumbuka kueleza.

Mjumbe mmoja alitaka sheria iwe ya wilaya nzima. Nikasimama nikapinga. Nilisema tukiingiza Mikumi na kwingineko tutaanza upya kubishana na madiwani wa huko, mwaka utapita, na wagonjwa wetu hawana mwaka. Kila mji ujitafutie kuni zake. Wakanipigia makofi. Kifungu cha pili nimekiandika kwa mkono wangu, nakunukulia umsomee mama: "Hakuna injini ya treni itakayosimama ikiunguruma kwa zaidi ya nusu saa ndani ya mipaka ya mji wa Kilosa." Kinaanza kazi tarehe moja Aprili.

Nilipotoka nje mzee mmoja wa karakana ya reli, aliyefanya kazi na baba, alinishika mkono akasema marehemu angejua kuwa hakuzaa bure. Paulina, nililia pale mlangoni mbele ya watu.

Mama asubiri Pasaka ipite, nione kama watatii kweli.

Dada yako,
Sesilia, Katibu (niache nijisifu leo tu)


Mikumi,
8 Aprili 1996

Dada Sesilia,

Shikamoo, na hongera sana. Mama nilimsomea mara tatu. Ya tatu aliniambia nikirudie kile kifungu polepole.

Huku tumesherehekea Pasaka vizuri. Biashara imechangamka ghafla, nauza sufuria mbili za wali kabla ya saa nane, nimeongeza meza. Nitakueleza siku tukionana. Kwa hiyo usinishangae barua ikiwa fupi, mikono yote iko kwenye vitunguu.

Mama anakohoa kidogo. Ni baridi ya mvua hii.

Mdogo wako,
Paulina


Kilosa,
21 Aprili 1996

Mdogo wangu,

Nimefurahi biashara imekutazama. Mungu hamtupi mja wake.

Huku ungekuja usingepajua. Treni inaingia karibu pamoja na ile ya Dar, wanabadilishana abiria na mizigo, hao wanaondoka. Haikai hata hiyo nusu saa. Leo nimesahau mashuka kambani mpaka jioni, nimeyakuta meupe. Nimesimama nayo mkononi kama mwehu. Jirani yangu Yusrah anasema kifua cha mwanawe kimetulia, na kila akinikuta sokoni ananiamkia kwa sauti ili watu wasikie.

Ningemchukua mama hata kesho, ila nimeingia chumbani kwake na kitambaa, nikapangusa ukuta, kitambaa kikatoka cheusi. Siwezi kumrudisha kwenye masizi yale. Nimekwangua kuta zote, sasa napaka chokaa, na kwa mvua hizi haikauki upesi. Mkalishe hapo wiki mbili tatu zaidi. Hewa ya huko si adui yake.

Ila kwa nini huandiki habari za mama? Unaniandikia vitunguu. Nataka kujua anakula nini, analala vipi, anatembea mpaka wapi. Usinifanye nifikiri umemgeuza mpishi wako.

Sesilia


Mikumi,
28 Aprili 1996

Mwanangu Sesilia,

Ninayeandika ni Paulina lakini maneno ni yangu, nimemwambia asiongeze wala asipunguze.

Marahaba. Sijageuzwa mpishi. Mpishi wa humu ni huyu anayeandika, na mawe bado yamo. Nakula, nalala, natembea mpaka kwenye kigoda na kurudi, ukitaka nitembee mpaka mbugani nimsalimie simba niambie.

Nimesikia habari ya mashuka. Baba yako alifanya kazi reli miaka thelathini na moja, na sikuwahi kuona reli ikimsikiliza mtu wa nyumba hii. Wamekusikiliza wewe. Nimeifurahia habari hiyo kuliko dawa.

Maliza chokaa yako taratibu. Mimi sina haraka. Usije huku kunifuata mvuani, shule itakosa mwalimu.

Mama yako,
Costancia


Kilosa,
8 Mei 1996

Paulina,

Chumba kimekauka. Kuta nyeupe mpaka zinaumiza macho. Nimenunua na chandarua. Jumamosi sina kipindi, napanda treni inaporudi huko nije kumchukua mwenyewe, asitafute kisingizio cha mvua. Watoto wa darasa langu wametunga wimbo wa kumpokea, umebeba jina lake lote na la ukoo, ubeti wa tatu hauna maana yoyote ila wanaupenda.

Barua hii nampa Danieli. Leo nilimwambia chumba cha mama kiko tayari. Alitazama chini, akasema, "Mwalimu, nenda kamwone." Nikamwambia ndivyo nitakavyo, Jumamosi.

Sesilia


Mikumi, hospitalini,
9 Mei 1996

Dada,

Usingoje Jumamosi. Ukiipata barua hii panda treni hiyo hiyo iliyoileta.

Mama amelazwa tangu Jumatatu. Anapumua kwa hewa ya mtungi. Barua yako Danieli aliniletea huku huku wodini, nikaisoma nimesimama, na nilipofika kwenye wimbo wa watoto nikaikunja, nikaomba karatasi kwa muuguzi. Siwezi kuendelea kukudanganya. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Treni mliyoifukuza Kilosa inasimama hapa. Tangu tarehe moja Aprili. Inatoka Kidatu kama zamani, lakini badala ya kuja kungojea kwenu, inangojea kwetu mpaka Kilosa wapige simu kwamba ile ya Dar imekaribia. Saa tano nzima kila siku, na injini inaunguruma. Kichwa chake kinasimama nyuma ya jiko langu. Nyuma ya chumba cha mama. Ni hatua kumi na nne, nimezipima.

Ndiyo maana niliuza wali.

Lipo jingine, na hili nakuomba ulisome ukiwa umekaa. Haikuja hapa kwa bahati mbaya. Wiki ile sheria yenu ilipopita, diwani wetu alituita akina mama ntilie. Alisema reli inatafuta pa kungojea, abiria wale watakaa saa nyingi na watakuwa na njaa, tuombe isimame Mikumi kabla wengine hawajaomba. Karatasi ikaletwa. Sahihi ya kwanza ni yangu, dada. Nikaongeza na cheo, katibu. Nilijua mama analala wapi. Nilijiambia labda upepo utaupeleka moshi upande wa barabara. Nilijiambia ni wiki chache, atarudi kwake. Kisha wewe ukaandika habari ya chokaa.

Wiki ya kwanza tu kikohozi kilirudi. Nilimhamishia chumba cha mbele, moshi ukamfuata. Nikachukua kalamu nikuandikie, mama akanishika mkono. Namnukuu kama alivyosema, maana nimeyabeba maneno haya mwezi mzima: "Sesilia hajawahi kushinda kitu tangu nimzae. Kanisani walimnyima uongozi, kazini walimruka, mume alimwacha. Mwache ashinde hiki kimoja. Mimi nitakohoa taratibu."

Nikaweka kalamu chini. Na sikuiweka kwa ajili ya maneno yake tu. Niliiweka kwa sababu kesho yake kulikuwa na wali wa kuuza. Daktari aliponiuliza kama mgonjwa anakaa karibu na moshi, nilijibu hapana. Nilijibu hivyo mbele ya mama mwenyewe.

Njoo leo.

Paulina


Mikumi,
2 Juni 1996

Dada Sesilia,

Shikamoo.

Tumemzika mama, tumekaa matanga chini ya paa moja siku tatu, na hukunisemesha neno hata la kuomba chumvi. Sikulaumu. Ulipofika wodini ulinipita ukaenda moja kwa moja kitandani, na alikuwa amekwisha kufunikwa tangu saa tisa mchana. Niliona mkono wako ukifunua shuka na kulirudisha, kisha ukalifunua tena, kama mtu anayehakiki jina. Kila nikifumba macho nauona mkono huo.

Mimi nimefunga biashara. Meza nimewagawia wenzangu. Treni bado inasimama pale pale, inaunguruma wakati huu ninapoandika, na sasa chumba hakina mtu wa kukohoa, ndipo nasikia kelele yake ilivyo kubwa. Sijui kwa nini mwezi mzima sikuisikia.

Nakuandikia kwa jambo moja. Baada ya msiba watu wa hapa wameshtuka. Akina mama wale wale tuliotia sahihi wamekwenda kwa diwani, wanataka Mikumi nayo iwe na sheria kama ya Kilosa. Wana watoto, wana wazee. Wamesema nikuombe wewe uiandike, kwa sababu ya kwenu ilipita bila kukwama. Wanasema ni kubadilisha jina la mji tu.

Kama hutaki kunijibu mimi, wajibu wao.

Mdogo wako, kama bado,
Paulina


Kilosa,
16 Juni 1996

Paulina,

Marahaba.

Wiki mbili nimekaa nikitafuta kosa lako ili nilishike vizuri. Kila nikilishika nakuta mkono wangu umo. Wewe ulitia sahihi ya kuileta, mimi niliandika kifungu cha kuifukuza, tena nikakataa kwa mdomo wangu Mikumi isiwemo, wakati mama nilikuwa nimeshamleta kwako. Nilipigiwa makofi, Paulina. Kisha nikapaka chokaa. Alipokuwa anavuta moshi ule nilikuwa juu ya ngazi, nimeshika brashi, naimba. Darasani naandika tarehe ubaoni nasahau mwaka. Bado ni mdogo wangu. Hilo usiliulize tena.

Ombi la wenzako nililipokea. Jana nilikaa mezani, nikachukua nakala ya sheria, nikaiandika yote upya kwa mwandiko mzuri, na kila penye Kilosa nikaandika Mikumi. Haikuchukua saa. Nikaikunja, nikaenda nayo stesheni kumpa Danieli akuletee.

Sijui ni nini kilinisimamisha. Labda ni kwa kuwa aliipokea kwa mikono miwili kama siku ile aliyompandisha mama. Nikamuuliza, hawa wa Mikumi nao wakikufukuza, utakwenda kungojea wapi? Akasema Kidodi, stesheni ya njia hiyo hiyo ya Kidatu. Huko reli inapita ukutani mwa shule, na madirisha ya darasa la kwanza na la pili yanaitazama. Alisema bila ubaya wowote, alinijibu tu nilichouliza.

Nikaichukua tena ile bahasha. Niliona nilivyobeba mkononi darasa zima lile, limekunjwa mara nne ndani ya bahasha.

Ndipo nikamuuliza lile ambalo miaka miwili, na vikao tisa, na muhtasari wote nilioandika, sikumuuliza yeye wala mtu yeyote. Nilimuuliza kwa nini haizimi.

Akasema, "Njoo uone." Akanipandisha kwenye injini mimi mtu mzima na sketi yangu, akafungua sanduku ubavuni. Ni betri, Paulina. Zimekufa. Injini ile ikizimika haiwaki tena mpaka iletwe nyingine kutoka Morogoro kuja kuishtua, na abiria walale njiani. Ndiyo maana akifika mahali haizimi, anaiacha inaunguruma hata saa tano. Ameomba betri mpya mwaka wa tatu sasa. Wanamjibu kwamba shirika linangoja kuuzwa, hainunuliwi hata nati mpaka mwenye mali mpya aje. Alisema barua ya dereva mmoja hawaisomi, lakini barua ya mji mzima, yenye mhuri na sahihi mia tatu, labda wangeisoma. Sisi sahihi mia tatu tulikuwa nazo. Tulizitumia kumfukuza.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Barua zangu zote kazibeba yeye, na zako kaniletea yeye, mama kamchukua yeye akiwa anatembea na kamrudisha yeye kwenye jeneza. Kwa nini hakusema?

Alifunga lile sanduku polepole. Akasema, "Mwalimu, kila siku ulikuwa unanipa barua. Hukuwahi kuniuliza kitu."

Dada yako,
Sesilia